Mvumo wa Jirani Hauchujiki

Leo naweka kando programu na tovuti, nataka tuzungumzie redio za ridhaa, zile ambazo watu binafsi wenye leseni huwasiliana nazo kutoka nyumbani. Hapa Kenya wengi wao utawatambua kwa jina la stesheni linaloanza na 5Z4. Mimi ni msikilizaji tu, lakini kuna ugomvi mmoja kati ya wanaredio wanaoishi karibu karibu ambao umenivutia kuliko kosa lolote la programu nililowahi kulitafuta.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu ugomvi huu hauishi. Jirani yuko mita 500 kutoka kwako. Anarusha wati 100 kwenye megahezi 14, na nyote mna antena za kawaida. Mawimbi yake hupungua kwa takriban desibeli 50 kabla ya kukufikia. Unaweza kudhani hakuna kitakachobaki, lakini kwenye waya wa antena yako inaingia kama miliwati 1 nzima! Stesheni ya mbali unayoitafuta, tuseme ya Japani, ikiingia kwa kiwango cha S3 kwenye mita yako, jirani ameizidi mara bilioni 80 hivi. Hata hivyo risiva nzuri inaweza kuwabagua, kwa sababu jirani yuko kwenye masafa yake nawe uko kwenye yako, kilohezi 20 kando.

Shida ni kwamba hakuna transmita inayotoa masafa yake peke yake. Osileta, yaani saketi inayozalisha masafa, hutetemeka kidogo, na mtetemo huo hutoka kwenye antena kama mvumo mwembamba uliotandaa kushoto na kulia. Amplifaya nayo huongeza wake. Chukua redio ya zamani ambayo mvumo wake uko desibeli 120 chini ya mawimbi yenyewe kwa kila hezi 1. Ukiisikiliza kwa upana wa hezi 500, mvumo ni sehemu moja kati ya bilioni 2 ya nguvu yake. Nani atajali? Lakini ipeleke hesabu hiyo mpaka mita 500 na mvumo unaingia kwako kwa S6. Yule Mjapani wa S3 ameshazikwa. Kama redio ya jirani ingekuwa desibeli 140 chini, kama zilivyo nyingi nzuri za siku hizi, mvumo ungeshuka chini ya S3 na usingekuwa na habari naye.

Na hapa ndipo watu hukosana. Mvumo huo umeshaingia kwenye masafa yako. Filta huondoa kilicho kando, haiwezi kuondoa kilichokaa palepale unaposikiliza. Ni unga uliochanganyika na mchanga mlaini kama unga wenyewe, utachekecha mpaka kesho. Anayeumia hana la kufanya kwenye redio yake, na anayeumiza hasikii chochote, kwa kuwa wakati wa kurusha risiva yake imenyamaza.

Mwaka 2023 niliitwa kuamua kesi kama hiyo katika mtaa mmoja hapa Nairobi. (Ukisoma kompyuta watu hudhani unajua kila kitu chenye waya.) Upande mmoja ni mzee anayetumia msimbo wa Morse kwenye redio aliyoitunza miaka mingi. Upande wa pili ni kijana ambaye mzee huyohuyo ndiye aliyemfundisha redio. Kijana hutumia FT8, mfumo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Kila mzee alipobonyeza ufunguo, FT8 ya kijana ilifunikwa. "Kijana wangu, yangu ni safi, nunua redio ya maana," mzee alisema. Walikuwa wamefika mahali pa kusalimiana kwa mkono wa mbali.

Mzee hakuwa anaropoka. Risiva nayo ina osileta, na ikiwa osileta hiyo ni chafu, mawimbi makubwa ya jirani hukutana na mtetemo wake na kuzaa mvumo uleule ndani ya risiva. Kwa sikio huwezi kutofautisha. Hata kupunguza mawimbi yanayoingia hakusaidii kuamua: ukipunguza desibeli 10, mvumo wa aina zote mbili hushuka 10. Kile kidude changu cha USB cha biti 8 sikukitoa hata mfukoni, kwa sababu uwezo wake ni kama desibeli 50 tu na miliwati 1 ingekilevya, kisha kingeshuhudia uongo.

Nikafanya tunavyofanya kazini: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tukaazima redio ya tatu. Tulipoiweka kwa kijana, kwenye antena yake, mvumo ulikuwa palepale, S6. Tukaipeleka kwa mzee, kwenye antena yake na waya wake, ikarusha wati 100 zilezile. Kijana akapiga simu: kimya, anasikia kila mtu. Mzee aliiomba simu asikilize mwenyewe. Hakusema kitu, akaenda kutuletea chai.

Kwa maoni yangu soko lenyewe limechangia. Wengi hununua redio kwa kutazama jedwali maarufu la Rob Sherwood wa Marekani, ambalo limepangwa kwa uwezo wa kupokea. Grafu za mvumo wa transmita zipo, jarida la QST huzichapisha katika uchambuzi wake, lakini ni wachache wanaozifungua, maana unanunua utulivu wa mtu mwingine kwa pesa zako. Wanaozijali ni wale wa Field Day, shughuli iliyoanza mwaka 1933, ambapo kila Juni vilabu vya Marekani na Kanada huweka transmita kadhaa kwenye uwanja mmoja. Hapo jirani yuko mita 50 na mvumo unapanda kwa desibeli 20.

Dawa? Kupunguza nguvu husaidia, ingawa kuna redio ambazo mawimbi hushuka lakini mvumo haushuki kwa kiasi hicho. Mimi niliipenda njia ya ratiba. FT8 hurusha kwa zamu za sekunde 15, moja ya kutuma, moja ya kusikiliza. Majirani wakikubaliana wote watume kwenye sekunde 00 na 30, wote watasikiliza kwenye 15 na 45, na hakuna atakayemvumia mwenzake. Hakuna shilingi inayotoka, saa za kompyuta zilingane tu.

Mzee alikataa katakata. Alisema hiyo ni kompyuta kuongea na kompyuta, yeye ataondoka duniani na ufunguo wake mkononi. Basi kijana akageuza antena yake ya waya mpaka ncha ikatazama nyumba ya mzee, mvumo ukashuka hadi S4. Na siku hizi mzee akitaka kuwasha humtumia ujumbe kwanza, neno moja tu: "Naingia."