Bahasha Tano za Kaki

Kila nilipopangiwa safari nilibeba bahasha tano za kaki kutoka ofisini, nikazijaza usiku mtoto akishalala. Jumatatu hadi Ijumaa, jina la siku limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Ndani yake hela ya siku hiyo tu: maziwa, mboga, mkaa, na nauli ya bajaji mvua ikinyesha. Nyuma ya bahasha naandika agizo fupi. "Leo sweta." "Leo dawa ya minyoo." Bibi mwenye nyumba alizipokea, akazitia kwenye mkoba wake wa ukili na kuuning'iniza msumarini juu ya mlango. Bahasha ya Jumatano haikufunguliwa Jumanne, hata chumvi iishe.

Ilikuwa 2016, Mbagala, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja cha uani. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Baba yake alishaondoka, na hapo sina la kuongeza. Mimi ni mhasibu wa taasisi moja ya umma. Julai mwaka huo Rais Magufuli alitangaza kwamba sasa Serikali inahamia Dodoma kweli. Pale ofisini tulicheka, maana uamuzi huo ulipitishwa tangu 1973 na mji mkuu ukaendelea kuishi Dar es Salaam kama mgeni aliyesahau kuaga. Kicheko kiliisha haraka. Sisi tulibaki Dar, wizara ikahama, na mafaili yakaota miguu. Karibu kila mwezi ilibidi mtu ayafuate, na mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi.

Safari yenyewe ilikuwa kibarua. Basi linatoka Ubungo saa 12 asubuhi, kwa hiyo saa 10 alfajiri niko juu ya bodaboda, Barabara ya Kilwa, halafu Mandela, Tazara, Buguruni, begi limebanwa kati yangu na dereva. Kisha kilomita 450 na ushei: Chalinze, Morogoro, Gairo, huku dereva akikanyaga breki kila anapohisi trafiki amejificha na tochi. Mnafika alasiri, mifupa inauma, kazi inaanza kesho yake. Shughuli ya siku mbili ilinitoa nyumbani siku nne au tano.

Yule bibi hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mjane wa Kindengereko, kwao Rufiji, naye alimwita mwanangu "mume wangu". Mimi nikawa mke mwenza. "Nenda kawinde, mke mwenzangu," aliniambia nikimwamkia kwenye giza lile la alfajiri, "mume namlinda mimi." Hela ya kulea aliikataa katakata. Alichokubali ni kanga mara mojamoja, na zabibu za Dodoma kila safari. Nikirudi bila zabibu ananinunia hadi magharibi.

Novemba 2017, saa 3 usiku, nikiwa kwenye nyumba ya wageni Dodoma, mpangaji mwenzangu alinipigia: mtoto ana homa kali, bibi amemkimbiza zahanati. Nikafunga begi. Nikakumbuka kwamba hakuna basi. Mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990. Nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka saa 11 alfajiri. Nilipoingia Mbagala jioni nilimkuta barazani anakula embe, utomvu mpaka kwenye viwiko, na bibi kasinzia kando yake. Malaria, dozi ameshaanza. Bahasha za Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zimefunguliwa, mara ya kwanza na ya mwisho kabla ya siku yake. Nyuma ya moja, kwa mwandiko wa mtoto wa shule wa jirani, bibi aliandikisha hesabu: kipimo, dawa, bajaji kwenda na kurudi, na mwisho kabisa, "soda ya mume 600". Ile bahasha ninayo hadi leo.

Mwaka 2019 nilihamia Chamazi, kwenye nyumba yangu ambayo haijaisha. Madirisha mawili yalikuwa na mabati, lakini ukuta ulikuwa umeshasimama. Sisi wa Dar ndivyo tunavyojenga siku hizi, ukuta kwanza. Ndani ya ukuta ule sikuwa na mke mwenza. Nikaajiri dada wa kazi. Kwa miaka mitatu walipita wanne. Mmoja aliaga kwenda Singida kumuuguza mama yake, na akaniachia funguo chini ya ndoo. Simlaumu; mshahara niliompa, ningepewa mimi ningeondoka mapema zaidi. Bahasha nikaziacha, nikawa natuma hela kwa simu kila asubuhi. Mtoto akajifunza kunipigia kwa video na kunionyesha sahani yake kabla sijamuuliza amekula nini.

Mambo yakazidi kuwa mepesi. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku. Julai 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda Dodoma: takriban saa nne, shilingi 31,000 daraja la kawaida. Wenzangu walinipongeza kama vile nimejifungua. "Umepona sasa, asubuhi Dodoma, jioni unakula ugali na mwanao." Niliamini.

Kumbe ule ugumu wa zamani ulikuwa unanilinda. Safari ya siku tano ilihitaji barua isainiwe, masurufu yaombwe na kupitishwa, tiketi ikakatwe. Mkuu wa kitengo hangeweza kuniita leo niondoke kesho, hata angetaka. Nilijua wiki nzima kabla, na wiki ilitosha kupanga kila kitu na bibi, kukagua nguo, kumwandaa mtoto mwenyewe. Treni ilipokuja, wiki ile ikafutika. Kwa nini akuambie mapema, wakati ni kwenda na kurudi tu?

Oktoba 2024, Alhamisi, saa 3 usiku, ujumbe ukaingia WhatsApp: "Kesho saa 8 kikao Dodoma, njoo na taarifa ya robo mwaka. Nauli utarejeshewa." Dada alikuwa ameondoka siku mbili kabla. Bibi alishahamia Ikwiriri kwa binti yake. Jirani wa upande wa kushoto namjua kwa honi ya gari lake tu. Nikamwamsha mwanangu saa 9 usiku, akavaa sare ya shule kwa mazoea, tukaondoka. Nauli yake ilikuwa nusu. Njia nzima macho yake yalikuwa kwenye skrini ya mwendo. Ilipogonga 160 alinifinya mkono. Kisha akakaa saa tatu kwenye benchi nje ya chumba cha mkutano, na afisa mmoja alipopita akauliza, "Shule gani imekuja kututembelea?" Watu wakacheka. Mtoto akajibu, "Shikamoo."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi wa kike siku 84 za uzazi zenye malipo, na inatoa siku 4 mtoto akiugua au mfanyakazi akifiwa. Mtoto mzima wa afya aliyekosa wa kubaki naye usiku mmoja hayumo kwenye hesabu hiyo. Yeye anaachwa kwenye huruma ya anayetuma ujumbe.

Basi, wakuu wa vitengo, hatuombi kufutiwa safari. Posho tunazihitaji, na wengine tumejengea madirisha. Tunaomba mtuambie siku tatu kabla.