Majina Mawili ya Mjukuu Wangu

Wazee wetu walisema, jina jema hung'ara gizani. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni, nikaifundisha darasani kwa miaka mingi, wala sikupata kujiuliza jambo moja dogo: jina hilo linalong'ara, nani hasa huliita? Swali hilo nililetewa na mjukuu, tena kabla hajajua kusema.

Alizaliwa Dar es Salaam, Jumanne moja ya mwezi wa Julai mwaka 2017, mtoto wa kwanza wa mwanangu wa mwisho. Habari zilinifika Muheza kwa simu, nami nilikuwa nimekaa barazani peke yangu, kwa kuwa mama watoto alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo. Nilimshukuru Mungu, nikauliza hali ya mzazi, na kabla mwanangu hajakata simu nikamwambia, "Huyo ndiye Mwanaidi. Mama yako amepata wa kulishika jina lake." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, baba." Usiku ule nililala usingizi mzuri. Sisi watu wazima tuna desturi ya kukihesabu kimya cha watoto wetu kuwa ni furaha.

Siku ya tano nikapanda basi ili niiwahi siku ya saba, ambayo kwetu sisi Waislamu ndiyo siku ya akika: mtoto hunyolewa nywele, mbuzi huchinjwa, na jina hutangazwa. Nilipofika nilimkuta bibi mzaa mama amekwisha kutangulia. Alikuwa ametoka Tabora kwa gari moshi. Ni mama mpole, Mnyamwezi, umri wake haupishani sana na wangu, na jina lake ni Mbula, maana yake mvua, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua kubwa. Tuliamkiana vizuri, tukala. Baada ya kunawa mikono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa na wajukuu tisa, na hakuna hata mmoja mwenye jina lake. Huyu ndiye aliyekuwa amemngojea.

Basi pakawa na mtoto mmoja na majina mawili. Mimi nilisema kwamba marehemu hana mdomo wa kujiombea, hivyo ni wajibu wangu kumwombea. Yeye akajibu, "Ni kweli, mzee mwenzangu. Lakini nami niliye hai, nitakuwa hai mpaka lini?" Jibu hilo lilinishinda. Mwanangu na mkewe walikuwa wameketi pembeni, wakitusikiliza kama wanafunzi wanaosikiliza walimu wawili wakibishana.

Ni mimi niliyetoa shauri la kuyaunganisha. Nilijiona mwenye busara sana, nikatoa na hoja. Nikawakumbusha kwamba watu wa pwani tangu kale wamewapa binti zao majina yaliyojengwa kwa sehemu mbili. Mwanaidi mwenyewe ni Mwana na Idi. Tuna Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanaisha. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alilibeba neno hilo la heshima katika jina lake, na binti yake akaitwa Mwana Hashima. Wakristo nao wanao akina Rosemary na Annamaria, na nimewafundisha akina Mariagoreth kadhaa, walioitwa kwa jina la Maria Goretti wa Italia, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1950. Kwa nini basi mjukuu wetu asiwe Mwanaidi Mbula?

Bibi mzaa mama alikubali, na machozi yalimlengalenga. Siku ya saba shehe alilitangaza jina hilo mbele ya majirani. Mtu mmoja akatania kwamba majina yote mawili ni ya siku, moja la Idi na jingine la mvua, na mtoto mwenyewe amezaliwa Jumanne ya kiangazi. Tulicheka sote. Mama wa mtoto alitabasamu tu.

Kabla ya kuondoka nilimketisha mwanangu nikamhimiza juu ya cheti cha kuzaliwa. Nilimwambia asiichezee ile siku ya 90 ambayo sheria imeiweka, bali aende upesi kwa Wakala wa Usajili, yaani RITA, na ahakikishe majina yote mawili yameandikwa mahali pa jina la mtoto, ili kesho mtu asidhani kwamba Mbula ndiye baba. Nilisisitiza hayo kwa sababu nilikuwa na deni la zamani moyoni.

Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu mkuu kijana, sina hata miaka mitano tangu nitoke chuo cha ualimu. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, na watoto walikuja kuandikishwa kwa makundi. Baba mmoja, mkulima wa minazi, alimleta binti yake akanitajia majina mawili, Mwanahamisi Tabu, kisha jina lake yeye, Juma. Nafasi katika daftari ilikuwa finyu. Nikadhani Tabu ni jina la utani tu, nikaandika Mwanahamisi Juma, nikamwita anayefuata. Binti huyo nyumbani aliitwa Tabu, na katika darasa lile alikuwamo Mwanahamisi Juma mwingine. Mwaka 1984 walimaliza darasa la saba, na barua ya kuchaguliwa kwenda sekondari ikaja kwa Mwanahamisi Juma. Mimi, mwalimu mkuu, nikaipeleka nyumba isiyokuwa yake.

Nilikuja kuligundua kosa nilipokwenda wilayani kulinganisha namba za mtihani. Sitaisahau siku niliyorudi kuichukua barua mikononi mwa familia iliyokwisha kununua sanduku la chuma na godoro. Binti aliyestahili aliripoti shuleni akiwa amechelewa wiki tatu. Baba yake hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, nilikupa mawili, ukaandika moja." Tangu siku hiyo nilijifunza kwamba jina la nyumbani na jina la karatasi yakitengana, anayeumia ni mtoto. Akina Mariagoreth, nilikuja kutambua, hawakupata shida hiyo, kwa sababu jina lao huandikwa kama neno moja, na karani hapati pa kulikata.

Nilirudi Muheza nikiamini kwamba safari hii nimefanya vizuri. Cheti kilitoka kikiwa na majina yote mawili, na mwanangu alinitumia nakala.

Mwaka 2019 nilikwenda kwao kwa matibabu ya macho, nikakaa majuma mawili. Mjukuu wangu alikuwa na miaka miwili, akikimbia nyumba nzima. Siku ya kwanza nilisikia akiitwa Nasra. Nikadhani nimesikia vibaya. Siku ya pili Nasra, siku ya tatu Nasra, na majirani nao Nasra. Siku ya nne nikamwuliza mkaza mwanangu, kwa sauti ambayo sasa najua haikuwa ya upole, "Huyu Nasra ni nani?"

Aliweka chini ungo wa mchele aliokuwa akichagua. "Nisamehe, baba," akasema. "Jina la kwanza ni la mama mkwe wangu. Nitalitamkaje mtoto akimwaga uji nikataka kumgombeza? La pili ni la mama yangu aliyenizaa. Na baba yake naye ni hivyo hivyo. La kwanza ni la mama yake, na la pili ni la mkwewe. Tulijaribu kumwita Bibi, lakini kila mtoto mtaani anaitwa bibi na nyanya yake." Kisha akaniambia, huku akitazama chini, kwamba Nasra ndilo jina walilokuwa wamelichagua wawili tangu mimba ina miezi sita. Alinionyesha kadi ya kliniki. Nyuma yake lilikuwa limeandikwa kwa penseli, Nasra, na alama ya kuuliza mbele yake.

Msomaji wangu, nilinyamaza. Wazee wawili tulikuwa tumetafuta amani yetu tukaipata, na tukampa mtoto majina mawili ambayo watu wawili wanaomwita kuliko wote hawawezi kuyatamka. Nami, niliyeapa juu ya jina la nyumbani na jina la karatasi, nilikuwa nimefanya kosa lile lile kwa damu yangu.

Usiku ule jambo jingine lilinijia, nalo liliniuma zaidi. Niliishi na mama watoto miaka 41. Tangu tupate mtoto wa kwanza nilimwita mama fulani, kwa jina la mtoto huyo, na kabla ya hapo nilimwita kwa kukohoa mlangoni. Hata siku zake za mwisho, muuguzi aliposimama akaita "Mwanaidi", nilichelewa kuelewa kwamba anayeitwa ni mke wangu. Jina nililolipigania kwa nguvu zote mimi mwenyewe sikuwahi kuliita.

Mwitaji ana nguvu kuliko mwandishi. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja, wazazi wake walimpa jina la Mtumwa. Siti alikuja kuitwa ukubwani, na Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, aliuandika kwa jina hilo la Siti. Basi sikumwambia mtu aache kumwita mtoto Nasra. Wazazi wana haki yao, na ile alama ya kuuliza nyuma ya kadi ilitosha kunihukumu.

Lakini mwaka 2024, mtoto alipoanza darasa la kwanza, mwanangu alinipigia akicheka kwamba mwalimu amelalamika: binti yako akiitwa kwenye mahudhurio haitiki. Mimi sikucheka. Niliona kwamba pana kazi, na ni yangu. Majina niliyoyatoa lazima nami niyaite, la sivyo yatabaki wino tu.

Tangu hapo kila Ijumaa jioni napiga simu. Bibi wa Tabora naye hupiga, humwita somo yake, na wawili hao huongea mpaka vocha iishe. Mwaka 2021 alizaliwa binti wa pili. Nilipopewa habari nilimshukuru Mungu, nikauliza hali ya mzazi, kisha nikafunga mdomo wangu mpaka siku ya saba. Walimpa jina moja, fupi, na sote twaweza kulitamka.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kumpa binti majina mawili, sikukatazi. Yaandike yote, yaandike kwa tahajia moja kila mahali, na ukiweza yaunganishe yawe neno moja. Lakini kabla ya kuandika, waulize wazazi wake kila jina litakuwa na mwitaji gani, kisha usubiri jibu. Kimya si jibu.

Ijumaa iliyopita nilipiga kama kawaida. Nikaita, "Mwanaidi Mbula!" Kutoka mbali nikasikia miguu ikikimbia juu ya sakafu, kisha sauti ikaitika, "Abee, babu."