Ndoo ya Maji

Katika banda moja la video hapa Lurambi, kaka yangu nami tulizoea kucheza Mortal Kombat, mchezo uliotoka mwaka 1992. Yeye alikuwa Scorpion, mzuka atafutaye kisasi. Mimi nilikuwa Sub-Zero, aliyemwua zamani. Uadui ule wa kubuni ulituunganisha kuliko sahani moja ya ugali.

Siku moja ikaletwa sinema ya mchezo huo, iliyotengenezwa mwaka 1995. Nikaingia kwa fedha nilizopewa na mama ninunue madaftari. (Viboko vyake sitavisimulia.) Loo! Mahasimu wetu walikuwa watumwa wa bwana mmoja, Shang Tsung, wala hawakupigana wao kwa wao hata mara moja. Scorpion aliuawa na Johnny Cage, mcheza sinema! Sub-Zero wangu alirushiwa maji ya ndoo, yakageuka mkuki wa barafu, ukamchoma. Niliona haya kana kwamba nimeanguka mimi.

Tulirudi nyumbani kimya. Kaka alikuwa karibu kusafiri kwenda Nairobi kutafuta kazi. Jioni ya mwisho alilipia pambano moja, ili tulimalize wenyewe lile ambalo sinema ilitunyima.