Muziki kwa Linux: siku ya kwanza ndiyo ngumu

BUKAVU – Kwa kata nyingi za mji huu, studio ya muziki ni chumba kidogo, kompyuta moja, maikrofoni moja na betri ya kungojea umeme. Programu ya kurekodi mara nyingi ni kopi ya wizi, iliyopita toka flash hadi flash pamoja na virusi vyake. Siku virusi vinapoamka, nyimbo za kwaya nzima zinapotea.

Dawa iko, tena ya bure. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ina programu za muziki zenye nguvu: Ardour ya kurekodi na kuchanganya sauti, Hydrogen ya ngoma, LMMS ya kutengeneza midundo. Tangu mwaka 2007, Ubuntu Studio inakusanya programu za namna hiyo pamoja. Shida si ubora. Shida ni siku ya kwanza.

Kijana anafungua programu, anabonyeza kurekodi, hakuna sauti. Kwa miaka mingi, mara nyingi shida ilikuwa kwa JACK, mtambo wa kupitisha sauti: ukishika kadi ya sauti, programu zingine zinakaa bubu. Tena ulimwuliza mgeni maswali ya fundi, kama vile sampuli ngapi zishikwe kwa mara moja. Sampuli 1024, kwa kasi ya 48000 kwa sekunde, zinaleta kuchelewa kwa milisekunde 21 hivi. Mpiga kinanda anasikia noti ikimfuata nyuma. Akishusha hadi 256 zinabaki 5 tu, lakini kompyuta nzee inaanza kukwaruza.

PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, imepunguza mzigo huo: programu zote zinaweza kupita njia moja. Lakini kazi haijaisha. Mgeni anahitaji programu itoe sauti mara tu inapofunguliwa, wimbo wa mfano wenye ngoma na kinanda tayari, na maelezo kwa lugha anayoongea nyumbani. Na kwa kuwa intaneti hapa inanunuliwa kwa mega, vyote viingie kwa flash moja.

Wajuzi wengine wanasema anayetaka kweli atavumilia. Mpiga gita aliyejifunza nyuzi sita bila mwalimu hakosi uvumilivu. Umeme ukirudi kwa saa mbili, saa hizo ni za wimbo, si za kutafuta sauti ilipopotelea.