Risasi Iliyokataa Kuingia



Thamesmead ninakoishi, upande wa kusini-mashariki ya London, ni mji uliojengwa juu ya ardhi ya baruti. Kabla wakaazi wa mwanzo hawajahamia hapa mwaka 1968, sehemu kubwa ya nchi hii ya majimaji ilikuwa milki ya Royal Arsenal, karakana kuu ya silaha ya Uingereza iliyokuwa na makao yake Woolwich, jirani yetu. Baruti zikihifadhiwa katika maghala yaliyotengwa mbalimbali, na kila ghala likazungukwa na handaki la maji. Baadhi ya vilima vya maghala hayo vipo mpaka leo. Watu wa hapa huviita tump, na kimoja kati yao, Tump 53, kimekuwa hifadhi ya ndege na vyura, ambako watoto wa shule hupelekwa kujifunza majina ya mimea.

Nayataja haya kwa kuwa kisa kilichoitoa nyumba yetu Oman na kuileta Unguja ni kisa cha risasi moja, na ukoo wa risasi ile, kama ulivyo ukoo wa watu, una asili yake. Asili hiyo ni Woolwich.

Ndani ya Royal Arsenal kulikuwa na kiwanda kilichoitwa Royal Laboratory, na msimamizi wake, ofisa wa jeshi aitwaye Edward Boxer, alibuni mwaka 1866 namna mpya ya risasi na ya fataki yake. Mwaka 1871 jeshi la Uingereza lilipoichukua bunduki ya Martini-Henry, risasi yake ilifuata mtindo huo: ganda la shaba nyembamba iliyoviringishwa kama karatasi na kutiwa kitako cha chuma, baruti nyeusi kiasi cha gramu tano na nusu, na kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 31. Ganda lile lilikuwa dhaifu. Katika joto na mchanga wa Sudan, kwenye mapigano ya Abu Klea tarehe 17 Januari 1885, maganda yaling'ang'ania ndani ya bunduki na askari wakabaki na silaha zisizolia. Baada ya vita hivyo likaja ganda la kipande kimoja cha shaba nzito. Ganda hilo lilikuwa na sifa moja ambayo watu wa Oman waliithamini mno: likishalia, liliweza kuokotwa na kujazwa tena.

Martini ziliingia kwa wingi Maskati, iliyokuwa soko kubwa la silaha mpaka ulipowekwa utaratibu wa ghala maalumu mwaka 1912. Huko bara, mbali na bandari, bunduki ilidumu kizazi baada ya kizazi, lakini risasi mpya ilikuwa ghali. Kwa hiyo watu walisubu vichwa vya risasi katika kalibu, wakapachika fataki, wakatia baruti na kuyafunga maganda yaleyale mara nyingi.

Babu mzaa baba alikulia katika kijiji kimoja cha Sharqiya. Yeye na mtoto wa ami yake walirithi zamu za maji katika falaji moja, na mitende yao ilipakana. Usiku mmoja wa kiangazi babu aliyakuta maji yamegeuzwa kuelekea shamba la pili kabla ya zamu yake kwisha. Haikuwa mara ya kwanza. Alirudi nyumbani, akaitungua Martini ukutani, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa udongo, hatua chache kutoka pale mtoto wa ami yake alipokuwa ameinama na jembe. Akauteremsha wenzo, akatia risasi, akaisukuma kwa kidole gumba. Risasi ikaingia ikasimama. Ukingo wa kitako chake ukabaki nje kiasi cha upana wa ukucha. Katika Martini, risasi isipokaa mahali pake, kile kipande cha chuma kinachoifunga nyuma hakipandi. Wenzo ukagoma. Babu akaiteremsha bunduki, akaketi kwenye ukingo wa falaji mpaka wazee walipofika. Kabla kaskazi haijakatika alikuwa ameshaiuza bunduki hiyo Sur ili apate nauli, na jahazi likamleta Unguja.

Kisa hiki kimekuwa na tafsiri mbili katika ukoo wetu. Bibi zetu walisema kuwa mama wa yule mtoto wa ami alimfunga mwanawe hirizi, na hirizi ndiyo iliyoiziba bunduki. Wanaume, hasa arusini, walipokuwa wakinywa kahawa na kutaniana, walisema jingine: kwamba risasi ilikuwa nzima, ila mwenye bunduki ndiye aliyepwaya. Baba yangu aliyasikia maneno hayo tangu utotoni mwake Malindi ya Unguja, na hata uzeeni mwake hapa London yalimchoma. Mtoto wa kiume kuambiwa kuwa baba yake alikimbia, kisha akatunga hadithi, si mzaha mdogo.

Ufafanuzi ulinijia kutoka mahali nisipopatarajia. Binamu yangu aliyeko Texas hulenga shabaha kwa bastola, na hujaza risasi zake mwenyewe. Hapa kwetu jambo hilo halipo tena: baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa katika shule ya Dunblane, Scotland, mwezi Machi 1996, sheria za mwaka 1997 ziliondoa takriban bastola zote mikononi mwa raia. Basi yeye aliniambia kwa simu kuwa risasi alizozijaza haziingii sawasawa katika chemba, na kwa jioni kadhaa alinisimulia jinsi alivyouchunguza ugonjwa huo.

Kwanza aliifungua bastola ikiwa tupu na kuutoa mtutu peke yake. Risasi iliyo nzima, ikidondoshwa ndani ya mtutu huo, huingia kwa uzito wake yenyewe na kutoa mlio mdogo. Mtutu ukigeuzwa, nayo hudondoka. Zile zilizokwama alizipaka wino mweusi, akazirudisha taratibu bila kuzilazimisha, kisha akatazama wino umekwanguka wapi. Ukikwanguka mdomoni mwa ganda, maana yake ni kuwa mdomo ulipanuliwa ili kupokea kichwa na haukurudishwa. Ukikwanguka kwenye kichwa chenyewe, kimekaa nje mno na kinagusa mifuo ya mtutu kabla ganda halijafika. Fataki ikijitokeza nje ya kitako, kidole huihisi. Na wino ukikwanguka karibu na kitako, ganda limevimba na halikubanwa vya kutosha kurudi kipimo chake.

Yake yalikuwa ya namna hii ya mwisho. Alinunua maganda yaliyokwisha kutumika, yaliyolia katika bastola za watu asiowajua. Moto wa baruti huitanua shaba mpaka igande kwenye kuta za chemba; ikipoa hurudi kidogo tu, ikabaki na umbo la chemba ile. Ganda hilo litaingia kwa ulaini katika silaha iliyolitanua, lakini laweza kuikataa nyingine, hata kama zote mbili ni za kiwanda kimoja na kipimo kimoja.

Niliposikia hayo nilikwenda kwa ami yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyelihifadhi ganda la risasi ya usiku ule. Babu alikuwa amekichomoa kichwa, akamwaga baruti, akaitoa fataki, akalichukua ganda tupu mpaka Unguja, akiwa amelifunga katika pembe ya kilemba. Nilimuuliza ami risasi zile zilijazwa na nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo linalojulikana na kila mtoto. “Walijaza pamoja, mwanangu,” alisema. “Nyumba mbili, kalibu moja, mfuko mmoja wa maganda. Wangekuwa na mifuko miwili ya nini, na hao ni ndugu?”

Basi fikirini nami. Bunduki mbili za namna moja, mfuko mmoja, na hakuna chombo cha kulirudisha ganda katika kipimo chake. Ganda lililolia katika bunduki ya mtoto wa ami lilirudi mfukoni likiwa na umbo la bunduki ile, na mkono wa babu, gizani na kwa hasira, ulichukua lolote lililokuja. Ami amenikabidhi ganda hilo. Nimelitazama kwa kioo cha kukuzia: karibu na kitako lina mng'ao wa msuguano unaolizunguka kama pete, pale hasa binamu yangu aliponielekeza kutazama.

Kwa hiyo risasi ilikataa kweli. Hakuna hadithi iliyotungwa, na baba yangu, lau angalikuwapo, angaliweza kunywa kahawa yake kwa utulivu. Lakini sipendi tuipe shaba sifa zote. Mfuko ulikuwa kiunoni mwake, na ndani yake zilikuwamo risasi nyingine. Kuitoa ile iliyokwama na kutia ya pili ni kazi ya kufumba na kufumbua, na mtu wa pili alikuwa bado ameinama, hana habari. Ganda lilimchelewesha babu kwa pumzi chache. Kuketi chini, akayatumia maji yaliyobaki kunawa uso na kungoja wazee, kulikuwa uamuzi wake mwenyewe. Woga si jina la jambo hilo, wala hirizi si jina lake. Kwa uamuzi ule wapo wajukuu wa mtoto wa ami yake huko Ibra na Maskati, nasi tupo huku.

Wajukuu hao baadhi yao husoma maandishi haya, nami naandika zaidi kwa ajili yao. Nimeambiwa kuwa Martini ya babu yenu ingalipo ukutani, katika sebule ya nyumba ya zamani. Msiiuze wala msiisugue. Mimi na ami tunakusudia kuja majira ya baridi, tukilichukua ganda hili tupu. Tutaomba kulitia katika bunduki yenu, taratibu, kwa kidole gumba, mbele ya watoto wa nyumba zote mbili. Likiingia lote, tutajua lilikuwa la nani.