Kabla Jina Halijaandikwa: Barua ya Mjomba kutoka Aru

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako umefika, na mjomba wako ameusoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unauliza ni kikosi gani cha jeshi la akiba kinachomfaa mwanafunzi wa uuguzi ambaye hajamaliza masomo yake Bunia. Mama yako amelia, lakini swali lako si la kulililia. Linataka jibu.

Akiba ya ulinzi, ambayo watu huiita RAD kwa herufi zake za Kifaransa, iliundwa kwa sheria mwaka 2023. Kabla ya hapo, tarehe 3 Novemba 2022, waasi wa M23 wakiwa wamekwisha kuteka Bunagana na Rutshuru, Rais Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe jeshini na wajipange kulinda maeneo yao. Uongozi wa akiba hiyo ukapewa Jenerali Padiri Bulenda, aliyewahi kuongoza wapiganaji wa Mai-Mai huko Kivu Kusini. Tangu wakati huo Wazalendo, jina la wapiganaji wanaosimama upande wa serikali, limeenea mno, na si kila anayejiita hivyo yumo katika daftari la serikali.

Daftari hilo ndilo la kuangalia kwanza. Katiba ya 2006, kifungu cha 63, inasema kulitetea taifa ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Kifungu cha 190 kinasema anayeunda kundi la kijeshi la binafsi au kulea vijana wenye silaha anatenda uhaini mkubwa. Kijana anaweza kutoka nyumbani akitii kifungu cha kwanza, akajikuta chini ya mkubwa anayevunja cha pili.

Aru imeyaona hayo. Mwaka 2003 Jérôme Kakwavu aliasi UPC, kundi la waasi la Thomas Lubanga, akaunda kundi lake la FAPC, akaushika mji huu na ushuru wa mpaka wa Uganda. Jirani mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alimfuata. Daftari lake la hesabu lilibaki juu ya kabati la mama yake, kalamu ikiwa bado katikati ya kurasa. Kundi lilipovunjwa mwaka 2005, Kakwavu alikuwa amekwisha kupata cheo cha jenerali. Kijana akarudi na kovu pajani, akaanza kuuza petroli kwa chupa barabarani Ariwara. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha alipokuwa.

Sheria ilimfikia Kakwavu baadaye: Novemba 2014 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu miaka 10 kwa uhalifu wa kivita, ubakaji ukiwemo. Lubanga alikuwa amekwisha kupata miaka 14 katika mahakama ya kimataifa kule The Hague mwaka 2012, kwa kuwaingiza vitani watoto walio chini ya miaka 15. Daftari la yule jirani halikufunguliwa tena.

Kuhusu kikosi, kifungu cha 187 kinataja jeshi la nchi kavu, la anga, la majini na huduma zinazoyasaidia. Wenzako watavutwa na bunduki. Wewe nenda kwenye huduma ya afya. Majeruhi hufa njiani kwa kukosa mtu wa kumzuia damu isitoke, na ujuzi huo hauvuliwi pamoja na sare.

Lakini diploma kwanza. Marekani mwanafunzi wa akiba kwa kawaida hufanya mazoezi wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, kwa sababu vita viko mbali na darasa lake. Lakini mkoa wetu wa Ituri uko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Huku ukiitwa Ijumaa, mtihani wa Jumatatu haukungoji. Na kutoka si rahisi kama kuingia: Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo, na mahakama za kijeshi zimekwisha kuwahukumu kifo askari waliokimbia adui.

Basi waulize wanaoandikisha: nambari ya jeshi inatolewa lini, mshahara unapitia wapi, nani anakuamuru, na ukijeruhiwa nani anamtunza mama yako. Majibu wayaweke kwa maandishi. Likizo ikifika, panda gari uje Aru na hiyo fomu ikiwa haijatiwa saini. Mjomba wako atamwita yule sajini mstaafu wa ng'ambo ya barabara, tuisome pamoja mstari kwa mstari.

Mjomba wako