Kifaru cha Mti na Mpagazi Wake

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuchonga mfano mdogo wa chombo imekwisha pale umbo lake linapotimia. Mimi naona kwamba hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu chombo kitupu hakisemi neno. Mtazame mtu apitaye njiani mikono mitupu: hujui atokako wala aendako. Lakini akiwa na jembe begani na kibuyu cha maji, wajua aenda shambani. Akiwa na mkeka na chungu, wajua kwamba leo halali kwake. Mzigo hueleza habari za mtu, na habari za chombo vivyo hivyo.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya kulijua jambo hili. Hapo kale mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapa, kisha ikagawanyika: moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini, Ziwa Victoria na Buganda. Mwingereza mmoja, Richard Burton, alifika mwaka 1857, akaandika kwamba Wanyamwezi huwazoeza watoto wao kuchukua vipembe vidogo vya ndovu tangu utotoni. Kila mzigo ulikuwa na namna yake. Merikani na kaniki zilifungwa robota refu, likakazwa kwa vijiti. Masango ya shaba yalining'inizwa kwenye ncha mbili za mti. Pembe kubwa ya ndovu ilichukuliwa begani. Ncha yake ilifungwa kengele, na upande wa nyuma mpagazi alifunga vitu vyake mwenyewe. Aliyeuona msafara kwa mbali aliweza kujua umebeba nini.

Basi nalitaka kuchonga kifaru. Sisemi yule mnyama mwenye pembe puani, bali gari la vita lililofunikwa kwa mabamba ya chuma, litembealo juu ya minyororo mipana badala ya magurudumu. Magari hayo yaliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Ufaransa, karibu na mto Somme, nayo yalikuwa ya Waingereza. Nalichagua aina ya mwaka 1917, iitwayo Mark IV. Urefu wake ulikuwa kama mita 8, na kimo chake mita 2 na nusu. Kipimo changu kilikuwa 1 kwa 20, yaani sentimeta 1 ya mfano ni sentimeta 20 za kitu chenyewe. Kwa hiyo kifaru changu kilipata urefu wa sentimeta 40. Nalikichonga kwa mti wa mninga, nikakipiga msasa, nikapanga vichwa vya misumari midogo palipoungana mabamba. Kilipendeza, lakini kilikuwa bado kama sanduku tu.

Ndipo nalipoanza kutia mizigo. Kwanza nalilaza boriti juu ya mgongo wake. Kifaru chenyewe kilikuwa na uzito wa tani 28 hivi, nacho kilizama upesi matopeni. Kikinasa, watu walitoka nje, wakaifunga boriti kwenye minyororo. Minyororo ilipozunguka iliivuta boriti chini ya tumbo, kifaru kikapata mahali pa kukanyaga, kikatoka. Kwa hiyo naliikwaruza boriti yangu kwa kisu na kuipaka udongo, kwani boriti safi ingalikuwa ya uongo.

Pili nalitia tita la fito juu ya paa, upande wa mbele. Tarehe 20 Novemba 1917, karibu na mji wa Cambrai, vifaru vingi vilichukua matita ya namna hiyo, kila moja lenye urefu wa mita 3 hivi. Kifaru kilipofika penye handaki pana kiliangusha tita ndani yake, kikapita juu kama darajani. Nalikata vijiti vya ufagio kwa sentimeta 15, nikavikaza kwa mkufu uliokatika, hata vidole vikaniuma. Nikawaza: ni nani waliofunga yale matita makubwa, ambayo kila moja lilizidi uzito wa tani moja? Walikuwa vibarua kutoka China, waliofanya kazi katika karakana za vifaru. Katika picha twaona kifaru na tita. Mikono iliyolifunga hatuioni.

Mwisho nalitia makopo ya mafuta, koleo, na turubai lililokunjwa. Waingereza walichukua njiwa pia, wa kupeleka barua, lakini hao sikuwaweka, kwa kuwa walikaa ndani pamoja na watu 8, katika joto na moshi wa injini.

Kazi ilipokwisha nalizilinganisha tarehe. Siku 4 tu baada ya vifaru vya kwanza kuingia vitani Ufaransa, yaani tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini. Vita vilikuwa vile vile, na mwezi ule ule. Lakini huku hapakuwa na kifaru hata kimoja. Reli ilikuwa imefika Tabora tangu mwaka 1912, ila majeshi yalipigana mbali na reli pia, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Basi mizigo ya vita ilirudi mahali pake pa zamani: kichwani na begani mwa mtu.

Kwa hiyo nalichonga mpagazi kwa kipimo kile kile, kimo chake sentimeta 8 na nusu. Nalimtia ngata ya nyuzi kichwani, na juu ya ngata kisanduku cha risasi. Kiunoni kibuyu, mgongoni mkeka, na ubavuni kifuko cha unga. Viatu sikumpa, kwa maana wengi walikwenda miguu mitupu.

Kile kifuko cha unga kilinifundisha hesabu. Tuseme mpagazi achukua kilo 25 za unga kuwapelekea askari, naye ala kilo 1 kila siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Zinazobaki kwa askari ni kilo 5 tu. Sasa mwafahamu kwa nini jeshi dogo lilihitaji wapagazi wengi mno, na kwa nini chakula kilipopungua wao ndio walioumia. Katika vita vile vya Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu ya wapagazi, na waliouawa na kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wengi hulitaja kila siku sokoni wasijue maana yake.

Basi, vijana, mkichonga chombo chochote, kiwe kifaru, meli au gari moshi, msikipake rangi kabla ya kujiuliza maneno haya: Watu wake walikula nini? Walikunywa maji gani? Walilala juu ya nini? Chombo kiliponasa, nani alikitoa? Tena ni nani aliyekifungia mizigo yake? Majibu yatafuteni vitabuni na kwa wazee, kisha myachonge kwa vipimo vya haki, hata kama kitu chenyewe hakizidi punje ya mtama. Maana vita haviendeshwi na chuma peke yake, na ajuaye kuupima mzigo hatamsahau aliyeuchukua.